Mhina Hautaki Kubembelezwa

Nyinyi wasichana mnaokuja barazani kwangu Jumamosi na koni zenu za nailoni, mmeniuliza swali lile lile mpaka nimechoka kulikwepa. Kila mkiuliza nawatuma maji. Mwasema, "Bibi Zuhura, ule wekundu wa hina yako wanaousimulia mama zetu, siri yake ilikuwa nini?" Nimeona bora niandike, maana nikisema kwa mdomo nitajisifu, na nikijisifu silali. Kwa kalamu naweza kufuta.

Shule nilifika darasa la tano, huko Kisauni nilikozaliwa. Mkikuta neno limekaa upande, liwekeni sawa mwendelee.

Neno la kwanza hamtalipenda. Sijui kama wekundu ule ulikuwa wangu. Likoni yote walisema "hina ya Zuhura", na mimi niliitika, nani asiyependa kuitwa. Lakini hina ina mikono miwili, mkono unaochuma na mkono unaochora. Mimi nilichora. Aliyechuma ni Mwanatumu, mke mwenzangu. Yeye ndiye aliyepanda uzio huu wa mihina mnaoupita mkiingia, kutoka kwenye mnazi uliokatika kichwa hadi kisimani. Leo yuko Kiembeni kwa mwanawe Juma, ng'ambo ya kivuko na ng'ambo ya mji mzima, na mimi niko hapa Mtongwe na uzio wake. Nikisema kweli, yote nitakayoandika ni kuzunguka hapo hapo.

Siku niliyoletwa hapa, mke wa pili wa Bakari, nilimkuta Mwanatumu anapalilia kunde. Bakari alikuwa mfunga kamba za meli bandarini, Mungu amrehemu, mtu wa maneno machache. Alinifikisha mpaka pembeni mwa shamba, akakohoa, akageuka akaenda zake kazini. Mwanatumu hakuinuka.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Wajua kulima?"

"Sijui."

"Wajua nini basi?"

"Najua kuchora hina."

Akaitazama mikono yangu kama mtu anayetazama samaki wa jana. "Haya," akasema. "Mikono hiyo isishike jembe langu. Utalivunja."

Nililia siku hiyo. Nilidhani ni matusi ya ukewenza, na mama yangu alikuwa amenitayarisha kwa matusi ya ukewenza. Ilipita muda kabla sijaelewa kwamba yale yalikuwa pia mafunzo ya kazi. Mkono uliolima asubuhi hautulii alasiri. Vidole vinabaki na jembe ndani yake, vinakaza, na mstari wa hina unatoka na kigugumizi. Basi ikawa sheria ya nyumba. Nikiwa na kazi ya watu kesho, leo silimi, sitwangi, wala sichoti maji. Mwanatumu mwenyewe alikuwa akinifukuza. "Toka shambani, una harusi. Nenda kakae kama bibi." Nanyi mshike hilo. Siku ya kabla ya kazi, mkono wako ni wa kuwekwa.

Lakini nitoe haki pande zote. Kuna siku alinifukuza kwa wivu wa shamba lake tu, wala si kwa ajili ya mkono wangu. Na kuna siku mimi nilisingizia harusi isiyokuwepo ili nisipalilie muhogo. Nadhani alijua. Siku hizo alikuwa akiuliza, "Harusi ya nani?" nami nikitaja jina, akisema, "Huyo si ameolewa juzi?" halafu anaendelea kulima.

Nilikuja na unga wangu wa hina wa dukani, wa pakiti yenye picha ya mikono ya kibanyani. Mwanatumu aliunusa akapiga chafya.

"Unga huu wanukia sanduku."

"Ni wa kutoka nje, dada."

"Wanunua jani, na jani liko mlangoni?"

Uzio wenyewe hakuupanda kwa ajili ya urembo. Aliupanda kuzuia mbuzi wa jirani wasile mchicha. Majani aliyatumia kwa visigino vyake, na wazee wa msikitini walikuja kuomba ya ndevu. Ni mimi niliyemwambia kwamba yale ni mali. Hilo najipa, sioni kama ni kujisifu, ndivyo ilivyokuwa. Alichokuwa nacho yeye ni kujua siku ya kuchuma, na hapo ndipo mambo yote yalipo.

Alikuwa akifanya hivi. Anachuma jani moja la nchani, analisugua kwenye kiganja cha kushoto na tone la mate, analiacha hapo, anapalilia mraba mmoja wa kunde kwa mkono wa kulia. Akimaliza mraba anakikung'uta kiganja na kukitazama juani. Kikiwa na alama ya manjano tu anasema, "Bado, unalala." Kikiwa chekundu anaita, "Zuhura, lete kikapu." Nami nilijaribu mara nyingi, nikisugua, nikingoja, nikitazama. Sikuona kitu. Kwani mimi viganja vyangu vilikuwa vyekundu siku zote, kwa kukanda hina, kukamua hina, kufuta hina ya watu. Jani la kujaribu lingeonekana wapi? Yeye udongo ulikuwa ukimsugua kila siku, kiganja chake safi kama sahani. Kwa hiyo nilichora miaka yote bila kujua kuchuma, na yeye alichuma bila kuchora, wala hatukuona kama ni upungufu.

Mara moja alifiwa na mamake huko Kwale, akakaa huko muda mrefu. Nikabaki na shamba. Nikasema moyoni, nimfanyie wema, akirudi aukute uzio wake umependeza. Nikautilia samadi ya mbuzi. Maji ya kuoshea vyombo, mihina. Maji ya kufulia, mihina. Hata maji ya udhu ya Bakari niliyakinga. Nao ukapendeza kweli. Majani yakawa mapana, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Watu wakipita wananisifu. Nikachuma vikapu viwili, nikaanika, nikatwanga, nikaenda nayo Chaani kwa bibi harusi mmoja, binti wa pekee kwao. Nikamchora mikono na miguu mpaka magotini, kazi ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona.

Asubuhi wakakwangua. Rangi ilikuwa ya chai iliyozidi maziwa.

Mamake akaishika mikono ya mwanawe, akaigeuza huku na huku. "Fundi," akaniuliza kwa adabu kabisa, "mwanangu alikuwa akimenya maembe?"

Nikamwambia kweli, rangi imekataa, sijui kwa nini. Nilichora upya kwa unga wa pakiti, na bwana harusi akangojeshwa.

Mwanatumu aliporudi hakuingia hata ndani. Alisimama pale kwenye uzio na mzigo wake kichwani, akashika jani, akaninyooshea kidole. "Umeulisha?"

"Kidogo, dada."

"Na maji umeunywesha?"

"Kidogo."

Akacheka mpaka akatua mzigo, akakaa juu yake. Mtu aliyetoka kumzika mamake. Nilifurahi kwamba angalau alicheka. "Mhina hautaki kubembelezwa, mtoto wa mjini," akasema. "Mhina ukishiba hulala. Uache na njaa yake, jua liupige mpaka uchukie. Rangi ni ile hasira yake."

Basi hiyo ndiyo siri, ikiwa ni siri. Usiumwagilie maji. Usichume mvua ikiwa imenyesha karibuni. Chuma majani ya nchani, jua likiwa limekaa siku nyingi, na uyaanike kivulini, kamwe si juani, maana jua linalotia rangi kwenye jani bichi ndilo linaloiiba kwenye jani kavu. Kuna watu wamenisikia nikieleza haya wakasema, na watoto nao walelewe hivyo hivyo kwa njaa. Mimi sikubali. Wangu niliwalisha, na rangi wanayo.

Kwa kuwa nimetaja kuanika, niwasimulie na ile ya wingu, mcheke kidogo. Nilikuwa nachora bibi harusi huku huku Likoni. Kiganja cha kulia nimemaliza, cha kushoto niko nusu. Nikainua macho nikaona wingu limesimama upande wa Mtongwe, jeusi. Nyumbani nimeanika majani ya msimu mzima, kwenye mkeka, chini ya paa lenye tundu. Nikaweka kijiti changu cha kuchorea, nikasema "Naja," nikakimbia. Nyuma namsikia shangazi yake, "Fundi gani huyu, akiona wingu mbio kama kuku?" Na bibi harusi alikuwa na mikono yote miwili hewani, pua inamuwasha, hana wa kumkuna.

Nilifika nyumbani nimelowa. Mwanatumu alikuwa ameketi ndani, mkeka umekunjwa pembeni yake, majani makavu kabisa.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza.

"Majani."

"Majani ni yangu. Yako ni mikono ya watu. Rudi."

Nilirudi. Shangazi alikuwa bado amesimama na upepeo, kachukia. Mstari wa kiganja cha kushoto cha yule binti ulikuwa na kiungo mahali nilipoachia, na kwa kuwa sikuweza kukificha nilikigeuza kikawa jani. Nimemwona miaka mingi baadaye akiwa na wajukuu. Akaniambia lile jani ndilo alilolipenda kuliko yote. Huenda alikuwa ananifariji.

Na michoro, je, ilitoka wapi? Mwajua ule mchoro wa kunde, unaozunguka kidole mara mbili halafu unaishia kwenye ukucha kwa kitone. Nimewaona hata nyinyi mnauchora, mkisema ni wa Bibi Zuhura. Mwanatumu alikuwa akiotesha kunde za kutambaa kwenye ukuta wa jiko. Alifunga kamba za makumbi kutoka ardhini hadi darini, na kila asubuhi alipita akiielekeza ncha ya kila kunde kwa kidole, hii huku, hii kule. Nilikuwa naketi pale nikinoa vijiti vyangu vya chelewa. Siku moja nikachora nilichokuwa nakiona. Ndiyo hivyo tu. Watu wakasema Zuhura kabuni. Niliwaambia, "Ni kunde za Mwanatumu," wakadhani nataja jina la mchoro.

Baadaye nikaona na yeye matuta yake ya mchicha ameanza kuyapinda, yanakwenda yakirudi kama ukingo wa hina unaozunguka kiganja. Kutoka juu ya paa, siku fundi wa makuti alipokuja, aliuliza nani kachora shamba. Nikamwuliza Mwanatumu, "Dada, umeiga kwangu?"

"Niige kwako nini? Maji yatembee polepole, yasichukue mchanga."

Huenda kweli ni maji. Sikuweza kumtoa neno zaidi ya hilo. Mpaka leo sijui nani alimwiga nani, na kila nilipokuwa nikishika kijiti nilijiuliza hilo hilo.

Vijiti vimekwisha, najua. Koni ni bora, na sitawadanganya kwamba zamani ilikuwa bora ili mnionee haya. Koni inatoa uzi mwembamba kama unywele, kijiti changu hakikuweza. Picha za simu nazo zimewapa maua ambayo mimi sikuyaota. Ninachowaomba ni kimoja tu, juu ya piko, ile rangi nyeusi ya nywele mnayopaka mikononi. Mjaribu kwanza nyuma ya sikio la mtu, mngoje, kabla hamjampaka mkono mzima. Nimeona mkono uliobabuka siku ya harusi, na aliyepaka hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka.

Bakari alipofariki tulikaa eda pamoja, chumba kimoja, mikeka miwili. Hakuna hina, hakuna shamba. Siku moja Mwanatumu akachukua kiganja changu akakiweka karibu na chake. Kwa mara ya kwanza vilifanana. Changu kimetoka rangi, chake kimetoka udongo. "Kumbe ndivyo ulivyo," akaniambia. Tukakaa hivyo. Sikumbuki tulizungumza nini tena.

Kisha magoti yakamshinda. Juma, mwanawe, akaja kumchukua. Nataka muelewe kwamba Juma hakukosea. Alikuja kwa adabu, akaniomba ruhusa mimi kabla ya kumwambia mamake, na nyumba yake Kiembeni haina ngazi, choo kiko ndani, hospitali iko karibu. Mimi nisingeweza kumbeba. Nilisema, "Mchukue." Nikamfungia nguo zake. Saumu, bintiye Juma, alikuwa mdogo bado, anacheza kwenye uzio, anajisugua majani miguuni. Mwanatumu akiwa mlangoni akasema, "Huyu ataolewa na hina ya hapa, Zuhura. Si ya pakiti."

"Inshallah."

"Na usiumwagilie."

Akaingia garini.

Tangu hapo nilichuma kwa kubahatisha. Mara nyingine ilishika, mara nyingine ikatoka chai ya maziwa, na watu wakaanza kusema fundi amezeeka. Nikarudi kwenye pakiti kwa kazi za watu. Shamba nililima kidogo kidogo, kwa kuwa sasa halikuwa na mwenyewe wa kunifukuza. Nikagundua kwamba nilikuwa nikingojea kufukuzwa. Nasimama na jembe asubuhi, nina harusi kesho, nasikiliza. Hakuna anayesema toka. Nalima. Halafu mkono ukaanza kutetemeka wenyewe hata siku ambazo sikulima, nami nikaacha kuchora.

Mwaka huu simu ikalia.

"Zuhura."

"Abee, dada."

"Saumu anaolewa. Njoo na majani."

"Mimi mkono hauko tena."

"Mikono atachorwa na msichana wa huku, wameshapatana, piko. Miguu ndiyo yetu."

"Na majani nani atachuma?"

"Wewe."

"Sijui kuchuma."

"Umekaa na uzio ule umri wote huo, hujui kuchuma?"

"Ulikuwa ukichuma wewe."

"Chuma. Ikikataa, nitakuja mwenyewe huko nikuoneshe. Hata wakinibeba kwenye mkokoteni wa soko la Kongowea kama viazi."

Hapo, wanangu, nilikaa chini. Ikikataa atakuja. Sikuwa nimesikia neno tamu kama hilo tangu aondoke. Na ikikataa, Saumu atatoka mbele ya watu na miguu ya chai ya maziwa, naye hana kosa lolote. Nililala nikiomba yote mawili. Sijui Mungu huyafanya nini maombi ya namna hiyo.

Asubuhi nikaingia kwenye uzio na kikapu. Nikachuma jani la nchani, nikalisugua kwenye kiganja cha kushoto, mazoea tu, nikachukua kijembe nikapalilia mraba wa kunde. Nilipokung'uta kiganja nikaona alama. Nyekundu, imekaa katikati ya kiganja, wazi kabisa. Ndipo nilipokumbuka kwamba sijashika hina muda mrefu. Kiganja changu kimekuwa kama chake.

Basi nikautembea uzio mzima nikijaribu, kila mara mahali papya pa kiganja, nikipalilia, nikitazama. Upande wa mnazi ulikuwa tayari, una njaa yake, una hasira. Upande wa kisima, ambako maji ya ndoo humwagika, majani yalikuwa mapana mazuri, na alama ikatoka manjano. Nikasimama pale upande wa kisima na kikapu kitupu. Mkono ungechuma tu. Hakuna ambaye angejua, na Mwanatumu angekuja. Nilisimama mpaka kuku wakanizoea. Kisha nikaenda upande wa mnazi nikachuma huko. Saumu alikuwa akijisugua majani yale miguuni akiwa hajui kusema vizuri.

Nikavuka kivuko na furushi langu. Mwanatumu nilimkuta kibarazani kwa Juma, kwenye kiti, miguu juu ya kigoda. Pembeni yake ndoo tatu za plastiki zilizotobolewa, mchicha umejaa.

"Umekonda," akasema.

"Wewe umenenepa."

"Kiembeni hakuna shamba, kuna viti."

Nikampa unga aunuse. Akanusa, akaufunga tena furushini. Nilimtazama usoni nikitafuta neno, hakunipa.

Ndani, msichana wa piko alikuwa akimchora Saumu mikono. Nilisimama nyuma yake kumwangalia. Alikuwa fundi. Majani aliyoyachora yalikuwa membamba kuliko yangu hata nilipokuwa na mkono wangu, na nilimwambia hivyo. Alasiri nikakanda hina yangu kwa limau na chai ya rangi, nikauchukua mguu wa Saumu mapajani. Mimi sikuahidi maua. Ni nyayo kupakwa zote, vidole kuvalishwa kofia, na ukingo mmoja wa kunde kuzunguka. Mwanatumu akasogezewa kiti, akashika kifundo cha mguu.

"Mshike vizuri, dada, anatikisika."

"Si mguu unaotikisika."

Saumu akacheka, nasi tukacheka, na ukingo ukatoka na kigugumizi mahali pamoja. Nikakigeuza kikawa jani.

Asubuhi tukakwangua. Nilikuwa nimelala mkeka mmoja na Mwanatumu. Saumu akaweka miguu yote miwili kwenye kigoda, mamake akaipaka mafuta ya nazi, tukainama.

Ilikuwa damu ya mzee. Imeiva mpaka pembeni, mpaka kwenye mistari ya unyayo.

"Imeshika," akasema Mwanatumu.

"Imeshika."

"Ulichuma mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakuna aliyekuonesha?"

"Ulinionesha wewe."

Wanawake walikuwa wameanza kupiga vigelegele uani, na mimi nilitakiwa nifurahi, nilikuwa nimefurahi, lakini ilikuwa imeshika, basi haji. Mwanatumu akavuta mtandio wake, akauweka sawa, akauvuta tena. Halafu akaushika mguu wa kushoto wa Saumu, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Huu mbona umepauka?"

"Wapi, dada?"

"Hapa kisiginoni."

Saumu akatazama mguu mmoja, akatazama wa pili. "Bibi, mbona iko sawa yote?"

"Wewe bibi harusi, leo huna neno." Hakuondoa macho yake kwangu. "Umepauka, Zuhura. Umechanganya na majani ya upande wa kisima."

Katika kazi hii, wanangu, sikuwahi kumwambia mtu rangi imeshika na haijashika, wala imekataa na haijakataa. Yule mama wa Chaani nilimwambia kweli usoni kwake. Hilo ndilo jambo moja ninalojua kwa yakini kuwa lilikuwa langu. Nikauinamia mguu wa kushoto, nikautazama kwa haki. Ulikuwa damu ya mzee sawasawa na wa kulia.

"Kweli, dada," nikasema. "Umepauka kidogo."

"Basi itabidi nije."

"Itabidi."

Juma amesema atamleta magoti yakipata nafuu. Ninamwamini, ni mtu wa neno lake, ila magoti si yake. Mimi kila asubuhi natandika ule mkeka wa pili, jioni asipokuja naukunja. Nyinyi mkija Jumamosi chumeni upande wa kisima mjifunzie, na rangi itakayotoka msiilaumu. Upande wa mnazi msiuguse, wala maji mnayoniletea yasidondokee huko. Una njaa yake. Uacheni ungoje.